Nilimpa Mwanangu Jina la Mkuu wa Polisi

Admini, nifichie jina. La huyu bwana nitakayemsema nalo sitaliandika, ila msidhani namwogopa. Mkisoma mtaelewa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tano, niko Goma, nauza sambaza, vile visamaki vya ziwa, pale soko la Kituku. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka kumi na nane, amemaliza shule mwaka huu. Zamani tulikimbia vita kutoka Masisi, mimi na mume wangu aliyekuwa mwalimu, mimba yangu ikiwa na miezi tisa. Tulipofika Kibati tukakuta kizuizi cha polisi, wanawanyang'anya wakimbizi magodoro na mbuzi. Mume wangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Akamwambia kamanda wao, kijana mmoja nadhifu, "Chef, hawa watu wamekimbia masasi ya vita, na nyinyi munawakamata mbuzi?"

Kamanda akacheka, akasema abaki kidogo aulizwe maswali. Uchungu ukanishika palepale. Kamanda mwenyewe akanipandisha kwenye gari lake nikapelekwa hospitali, na mchana huohuo nikajifungua.

Kesho yake akaja na sabuni na kitenge. "Mama, bwana yako tulimuachilia jana. Alikimbia upande wa waasi. Usimungoje."

Nililia, kisha nikamkasirikia mume wangu. Mtoto nikampa jina la kamanda. Kwetu jina halitolewi ovyo. Wakawa ndoyi, watu wa jina moja, na ndoyi mkubwa ni kama baba. Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu alisema, "Mutoto yangu hawezi kukimbia bibi mwenye mimba." Nikamcheka usoni, nikamwambia alizaa mwoga. Hakukanyaga tena kwangu mpaka alipokufa.

Basi ndoyi mkubwa, aliyekuwa akitupigia simu za salamu, akaanza kupanda. Kila vita vikija yeye anapanda cheo, sisi tunapanda mlima na mabunda kichwani. Akawa mkubwa wa polisi wa mji, akawa jenerali, na mwezi uliopita redio ikatangaza ndiye mkuu wa polisi wa nchi nzima. Wakasimulia kazi yake tangu mwanzo, eti alianzia chini, barabarani Kibati, akiwalinda wakimbizi. Kuwalinda! Labda magodoro yetu, maana hayo aliyatunza kwake. Lakini siku ile sikuyakumbuka magodoro. Nilijitapa sokoni kama mjinga, kila mteja namwambia huyo ni ndoyi wa mwanangu.

Mteja wangu mmoja, muzee aliyewahi kuwa polisi, akaweka kikapu chini. Akaniuliza mtoto nilimpata lini, na baba yake alikuwa nani. Nilipomwambia, akashindwa kunitazama.

"Mama, bwana yako hakukimbiaka," akasema. "Chef alitupa amri tumupige. Gari yenye ilikupeleka maternité kuzaa, ilipogeuka kurudi, njo ile tulimubebea ndani. Alikuwa amekwisha kufa. Mimi niko mu wale walimuzika. Unisamehe, mama."

Nilifunga meza, nikaenda nyumbani kwa miguu. Miaka kumi na nane nimemtukana marehemu. Nimemlea mwanawe akimdharau. Na ile sabuni, Mungu wangu, nilimwogeshea mtoto mpaka ikaisha. Namchukia yule mtu kiasi kwamba naogopa hata kusali.

Sasa sikieni linaloniua. Wiki hii amepiga simu mwenyewe. "Ndoyi yangu iko wapi? Mumutume Kinshasa. Nitamuingiza mu polisi, atakaa kwangu." Mwanangu ameshanyoa nywele. Anasimama mbele ya picha ya yule mtu iliyo sebuleni kwangu, anajifunza kupiga saluti. Safari ni Jumamosi. Nilijaribu kumwambia aache, akanijibu, "Mama, unaogopa nini? Ule njo baba yenye niko naye."

Nikimwambia ukweli, namjua, ni baba yake kabisa, hatanyamaza. Na wasionyamaza mbele ya yule bwana najua wanafanywa nini. Nikikaa kimya, atakula meza moja na muuaji wa baba yake, atamshukuru kila asubuhi, na siku moja naye atawekwa kwenye kizuizi mahali fulani, aamrishwe kumpiga mume wa mtu.

Tangu siku ile ya sokoni siwezi kumwita jina lake. Namwita "wewe", namwita "mutoto". Jana aliniuliza akicheka, "Mama, jina yangu umeisahau?" Nikaingia jikoni nikajifanya moshi umenitoa machozi.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, nifanye nini? Jumamosi atatoka na begi lake mlangoni, na mimi hata kumwita arudi siwezi, maana jina la kumwitia ni la yule.