Mabuti Namba Kumi

Katika ofisi ya ushirika wa mwani, Micheweni, tulikuwapo wanne: afisa wa mradi kutoka Chake Chake, katibu wa ushirika, bibi mkongwe mkulima wa mwani, na mimi.

Wakulima huchomwa na miba ya samaki taa baharini. Lengo la mradi lilikuwa kuilinda miguu yao, na kipimo cha mafanikio ni kila mmoja kupata mabuti sawa na mwenziwe. Basi yote yalikuwa namba kumi.

Bibi alitia miguu yote miwili katika buti moja, akasimama.

"Mwanangu, hili moja lanitosha. Pacha wake mpe mwengine."

"Bi, usawa ndio huo. Nikikupa dogo, watasema nimekupunja."

"Si mtupime miguu!"

"Fomu haiulizi miguu, Bi. Yauliza mabuti."

Katibu alimshika bibi asianguke, afisa akamwekea alama ya vema.

Shuleni, enzi za mkoloni, tulichapwa bakora sita sita, wakubwa kwa wadogo. Usawa huo naufahamu.

Ripoti imetoka: lengo limetimia. Bibi alichomwa na taa akiwa miguu mitupu, akafariki Jumanne.