Fundi wa Meno Aliyejifunza Karata

Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza meno ya watu asiowajua. Kliniki ilikuwa na vyumba vya mbele, vyenye viti vya ngozi na picha za watu wanaocheka, na huko ndiko walikokuwa daktari wa meno, wauguzi na dada wa mapokezi. Chumba chake yeye kilikuwa nyuma kabisa, ukipita stoo na choo cha wafanyakazi, dirisha likitazamana na ukuta wa jengo la pili. Alama za vinywa zilimfikia kwenye trei, kila moja na namba yake na karatasi ya maelezo: meno ya juu au ya chini, rangi gani. Alimimina plasta, akapata umbo la taya, akapanga meno moja moja kwenye nta, akayapika, akayasugua, akayang'arisha, akairudisha trei ilikotoka. Mtu aliweza kutoka pale akicheka kwa meno aliyoyapanga yeye, wakapishana mlangoni, wasisalimiane.

Wenzake walimwita Bwana Plasta, kwa sababu lile vumbi jeupe halikumtoka kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Hawakumwita kwa ubaya. Hawakuwa tu na jina jingine la kumwita. Huo ulikuwa mwaka wa nne tangu mkewe afariki. Binti yao, mtoto wa pekee, aliolewa mbali, na kila Jumapili saa nne asubuhi alipiga simu kuuliza kama baba amekula. Baba alijibu amekula, basi. Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na mngurumo wa jokofu. Ilifika mahali, toka Ijumaa jioni mpaka simu ile ya Jumapili, mdomo wake haukuwa na kazi nyingine ila kula, na simu ikilia ilimbidi akohoe kwanza ndipo sauti itoke.

Sasa kukatokea meno ya chini yaliyorudi mara tatu. Mara ya kwanza karatasi ilisema: yanabana kushoto. Mara ya pili: yanagonga anapozungumza. Mara ya tatu daktari hakuandika kitu. Alikuja mwenyewe, na nyuma yake akaingia bibi mmoja mfupi, amevaa koti jekundu la miaka mingi, ametengeneza nywele kama anayekwenda kupigwa picha.

"Mama huyu amekataa kuondoka mpaka amwone anayeyatengeneza," daktari akasema, na hapo hapo akageuka kurudi kwa wagonjwa wake.

"Shikamoo, mama," fundi akasema, akikifuta kiti kwa kiganja.

"Marahaba. Kumbe ni mtu! Mimi nilidhani ni mashine." Akakaa. "Haya, sikiliza. Saba ya shupaza." Meno yakagonga, ta! "Umesikia? Kila nikisema saba najipigia makofi mdomoni. Na kusema ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

"Kazi gani, mama?"

Bibi alikuwa akingoja swali hilo. Miaka thelathini yeye na mumewe walizunguka kwenye kumbi, shule na harusi wakionyesha viinimacho vya karata. Kwenye matangazo jina la mume liliandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa ndogo: na msaidizi wake. "Msaidizi!" bibi akasema. "Yeye alikuwa na ndevu na suti. Karata nilikuwa nazo mimi." Sasa mume hayupo, na baridi yabisi imemkamata vidole.

Fundi alimtazama ufizi kwa taa ndogo. Ulikuwa umesinyaa upande mmoja, kukwangua kusingesaidia. Akamwambia waziwazi kwamba itabidi waanze upya, na kwamba ni bora aje mwenyewe kila wiki, ajaribu mbele yake. Wakati anayasema hayo alikuwa akichonga kipande cha nta, chembamba kama ukucha, bila kukitazama. Bibi akaacha kulalamika. Akawa anaangalia ile mikono.

Kisha akatoa pakiti ya karata mfukoni, akazitandaza kwenye meza yenye vumbi, zikiwa zimelala kifudifudi.

"Chagua moja. Yoyote."

Fundi akabaki ameshika kisu. Ulikuwa muda mrefu mno tangu mtu amwambie achague kitu. Akavuta moja, mfalme wa uru, akaitazama, akairudisha juu ya pakiti kama alivyoambiwa, akaikata pakiti kwa mkono wake mwenyewe. Bibi akaanza kuzifunua moja moja, polepole kwa sababu ya vidole, huku akimsimulia habari za mfalme mmoja aliyechoka kusalimiwa. Akasimama. "Huyu hapa amekaa."

Alikuwa ni mfalme wa uru. Fundi akacheka, na kicheko chenyewe kikamshtua.

"Umefanyaje, mama?"

"Swali baya. Ukijua nimefanyaje utasema, aah, kumbe ni hilo tu, na kiinimacho utakuwa umekipoteza. Unataka kujua, au unataka kuweza?"

Akafikiri. "Kuweza."

"Basi kanunue pakiti. Usichukue zile za plastiki zinazoteleza, wala kubwa kupita kiganja chako. Na wiki hii usifanye mchezo wowote. Zishike tu."

Akadhani anataniwa. Lakini alinunua, na jioni akakaa kwenye kiti cha sebuleni akazishika. Bibi alikuwa amemwonyesha namna: pakiti ilale kwenye kiganja cha kushoto, kidole gumba pembeni, kidole cha shahada mbele kuizuia, vingine vitatu vikiikumbatia bila kuiminya. Kisha azichange taratibu bila kutazama vidole, macho yaangalie mbele, kwa sababu mtazamaji huangalia unapoangalia wewe. Siku ya kwanza zilimwagika zote hamsini na mbili, mbili zikaingia chini ya kabati, akalala kifudifudi sakafuni kuzitafuta. Siku ya tatu akazichanga maji yakichemka. Siku ya sita aligundua anazichanga huku anawaza mambo mengine, na mikono inakwenda yenyewe.

Wiki ya pili bibi alikuja kujaribu meno ya nta, na yakiwa bado mdomoni akamfungulia siri. Ilikuwa ndogo kweli. Unapozichanga, mwishoni unaiibia jicho karata ya chini kabisa. Hiyo ndiyo jirani. Mwenzako anachagua yake, anairudisha juu, anakata pakiti. Ile ya chini inakwenda kulala juu ya ile aliyoichagua. Baadaye unafunua moja moja. Ukimwona jirani, anayefuata ndiye.

"Aah," fundi akasema, "kumbe ni hi..." Akajizuia.

"Umeona?" bibi akasema, akacheka mpaka nta ikamtoka mdomoni. "Sasa ufanye mara mia kabla hujamwonyesha mtu. Mchezo mmoja huo huo, usiniletee mbwembwe za michezo kumi. Usiurudie kwa mtu yule yule siku hiyo hiyo, hata akupigie magoti. Na usimwambie mapema nini kitatokea."

Wiki ya tatu alimwonyesha. Vidole vyake havikuwa na kasoro. Alimaliza akainua macho, akitegemea sifa.

"Umekuwa kimya kama uko kwenye mtihani," bibi akasema. "Mikono imeshajua. Mdomo ndio haujui. Mtu akikaa bure anahesabu, mwanangu. Lazima umpe kitu cha kusikiliza. Msimulie."

"Nimsimulie nini? Mimi sina habari."

Bibi hakumtania. "Kila mtu anayo," akasema.

Hapo ndipo pagumu palipokuwa. Fundi alirudi nyumbani akaweka kiti cha pili upande wa pili wa meza, akazitandaza karata, akasema, "Chagua moja. Yoyote." Sauti yake ikawa ngeni katika chumba kile. Kiti hakikuchagua. Ikabidi anyooshe mkono wake, avute karata kwa niaba ya kiti, aitazame, airudishe. Kwa hiyo aliijua. Alisimulia, akafunua, akaipata, akajua toka mwanzo kwamba ataipata. Alifanya hivyo jioni zote za wiki ile. Alianza kusimulia habari za mfalme wa bibi, zikamkataa. Akaanza kusimulia jinsi mkewe alivyokuwa akificha funguo ili wachelewe kutoka, wapate chai ya pili. Hiyo haikumkataa. Siku moja alifika katikati yake akazikusanya karata, akaenda kulala na jua halijazama vizuri.

Wiki ya nne ilibaki kazi ya mwisho, na hapa ndipo jaribu lilipomkuta. Meno mapya yalikuwa mezani, bibi ameshayavaa mara mbili, na fundi alikuwa amepaona pahali: upande wa kulia palikuwa juu kidogo, unene wa karatasi. Msasa kidogo tu na kazi imekwisha. Akipaacha, meno yatagonga. Yakigonga, yatarudi. Na bibi atarudi nayo, na koti lake jekundu, na atasema kumbe ni mtu.

Akakaa akayashika kwa muda mrefu. Dada wa mapokezi alipiga simu ya ndani kusema mama wa saa sita amefika. Akamwambia amwambie asubiri kidogo. Kisha akachukua msasa, akasugua pale pahali, akapima, akasugua tena, mpaka pakakaa sawa.

Bibi akayavaa. "Saba ya shupaza," akasema. "Saba. Sita. Shupaza. Sisi sote." Kimya, hapakugonga kitu. Akajishika shavu. "Sijisikii kama nimevaa chochote."

Katika kazi ile hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. "Basi yamekaa, mama," fundi akasema. "Huna haja ya kurudi."

"Sina haja kweli. Na Jumamosi mwanangu wa kiume ananihamishia kwake." Akataja mji, mbali sana. Akaondoka akisema maneno yenye s mpaka mwisho wa korido.

Baada ya hapo fundi alizibeba karata kazini kila siku kwenye mfuko wa koti jeupe, na kila siku akarudi nazo nyumbani. Wiki tatu zikapita. Alizitaja kwa binti yake kwenye simu, binti akasema, "Karata, baba? Za nini?" Akasema za kuchezea tu. Binti akauliza kama amekula.

Mwishowe, mchana mmoja wa mvua, wagonjwa wawili wakiwa wameahirisha, alikwenda mbele kurudisha trei akamkuta dada wa mapokezi peke yake, anachora maua pembezoni mwa daftari. Fundi akaiweka trei. Akakohoa.

"Dada, una dakika mbili?"

"Ninazo kumi. Kuna tatizo?"

"Hapana." Akazitandaza karata kwenye kaunta. "Chagua moja. Yoyote."

Dada akamtazama yeye kabla ya kutazama karata. Kisha akavuta moja, akaificha kifuani, akairudisha, akakata. Fundi akaanza kufunua. Alisimulia habari za mke aliyeficha funguo: ndani ya sukari, ndani ya kiatu, siku moja ndani ya mfuko wa mumewe mwenyewe, mume akatafuta nyumba nzima nazo anazo. Dada alicheka, akasahau kuhesabu. Jirani akatokea, sita ya pau. Fundi akaigusa inayofuata bila kuifunua.

"Funua wewe."

Malkia wa kopa. Dada akapiga ukelele, wauguzi wawili wakatoka vyumbani wakidhani kuna aliyeanguka. "Tena! Rudia, waone na wao!"

"Haurudiwi, dada. Si leo."

"Bwana Plasta!" akasema, bado anacheka, amemshika yule malkia wa karatasi. "Miaka yote hii sisi tulijua hupendi watu. Hata sherehe ya mwisho wa mwaka tuliacha kukualika, tukaona tunakusumbua."

Alisema kwa wema, kama anayemwambia mtu habari njema. Fundi akasema ahaa. Akazikusanya karata, akazipanga kingo zake sawa, akawaambia asante. Kwenye korido alisimama kidogo kando ya stoo. Miaka kumi na tisa. Yeye alijua ni wao wasiompenda.

Jumapili ile simu ilipolia saa nne, binti akauliza kama amekula.

"Bado," fundi akasema. "Una nafasi kidogo, mwanangu? Nikusimulie mama yako alivyokuwa akificha funguo."

Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa. "Haya, baba," binti akasema. "Nimekaa."