Kumtafutia Mama Mji

Kila Jumapili ya mwaka ule, tukitoka kanisani, mimi na mama tulikuwa tunaenda kuangalia miji. Wenzetu walienda kula chapati kwa dada zao. Sisi tulienda kukagua vyoo vya watu, kufungua mifereji tuone kama maji yanatoka, na kugonga kuta kwa vidole kama mafundi. Nikikumbuka sasa, Jumapili hizo zote zimekuwa Jumapili moja ndefu yenye ukungu, na ndani yake mama anatembea polepole kwa sababu ya magoti, mkoba ameubana kwapani, haniambii anafikiria nini.

Mama alichuna majani chai ya kampuni tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilizaliwa huko huko kambini, kwenye zile nyumba ndogo za chokaa zilizopangwa mistari. Nyumba ilikuwa ya kampuni na ilikuwa na sheria zake: usifuge kuku, usijenge jiko la pembeni, usipigilie msumari ukutani. Kwa hiyo epron ya mama, ile ya plastiki ya manjano ambayo wachunaji hufunga umande usiwaloweshe, ilikuwa inatundikwa juu ya mlango. Ukiingia inakupiga usoni, baridi, na harufu yake ya majani mabichi. Nimepigwa na epron ile utoto wangu wote.

Halafu mashine zikaja. Mashine haiumwi magoti. Mama akaambiwa kazi imeisha, na kazi ya kampuni ikiisha, nyumba nayo imeisha.

"Nitaenda nyumbani," akasema, kama mtu anayeenda dukani.

Nyumbani ni Kisii, ambako tulimzika baba. Nyumba ipo, na mlangoni kuna kufuli. Ndugu zangu wako Nairobi, na siku wanayofika huko ni siku ya matanga. Nikamwambia aje akae nami. Akanicheka. Kwetu mama hakai kwa binti yake. Kwa mwana wa kiume, sawa, hata kama mke wake hamtaki. Lakini kwa binti! Watu wataanza kuuliza huyu mama amefukuzwa na nani.

Niliogopa, wacha niseme ukweli. Nilimwona amekaa peke yake kando ya kaburi la baba, goti limevimba, moto umezimika, na hakuna hata mtu wa kumpa maji. Nilikuwa naiota picha hiyo nikiwa macho, nyuma ya kaunta, nikimhesabia mtu vidonge.

Kazi yangu iko Kericho mjini, kwenye kemisti. Chumba nilichokuwa nimepanga pale mjini hakikumtosha mama hata kunyoosha miguu. Basi nikaona nitafute nyumba nje ya mji, mahali ambapo ningeweza kutoka asubuhi na kurudi jioni, na mama apapende mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa na kazi. Mama yangu halazimishwi. Jaribu uone.

Tulianza na Chepseon, kwa sababu wenzangu wote wa kazini waliniambia Chepseon. Barabara kubwa inapita hapo, soko lina viazi na kabeji za kumwaga, na nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa na taili mpaka jikoni. Mimi nilishaanza kupanga kitanda kitakaa wapi. Mama akakaa kwenye ngazi ya mlango, akayaangalia malori yakipita na moshi wao.

"Nzuri," akasema.

Jamani, ile "nzuri" ya mama yangu naijua. Ndiyo anaisema akiletewa chai isiyo na maziwa. Tukarudi.

Jumapili nyingine nikampeleka Longisa. Ni mbali na Kericho, najua, lakini nilifikiria yale magoti na ile hospitali kubwa. Nilijidanganya kwamba nitazoea safari. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka, mahindi yamesimama, anga limefunguka kote, hakuna ukungu wala chai. Mama akaiangalia hospitali, akaniangalia mimi.

"Unanileta kukaa mlangoni pa hospitali? Kwani nimeshakufa, ninangoja gari tu?"

"Mama, ni kwa ajili ya magoti."

"Magoti ni yangu."

Mambo ya Longisa yakaishia hapo.

Kimulot sikuitafuta. Mteja mmoja wa kemisti ndiye aliyeniambia kuna nyumba tupu huko juu, karibu na msitu wa Mau. Wenzangu walinicheka mpaka wakashika mbavu. Kimulot! Utakuwa unaamka na jogoo wa watu wengine! Tulifika mchana mvua ikiwa imetoka kunyesha, mvua ya mawe, na mawe yenyewe yalikuwa bado meupe chini ya majani. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni polepole, unaingia kati ya mistari ya chai, unatoka, unaingia tena. Kila kitu kilikuwa kinadondosha maji. Sikusikia sauti nyingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Landilodi akaanza kutusomea masharti: takataka zitupwe wapi, lango lifungwe saa ngapi, na kuta amezipaka rangi juzi, hataki kuona msumari. Mimi nikawa naitikia. Nilipogeuka, mama hakuwepo. Alikuwa chumba cha nyuma, dirishani, amefungua pazia kwa kidole kimoja.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la chai la jirani. Lilikuwa limeachwa. Chai ikichunwa vizuri, juu yake hulala sawa kama meza. Hii ilikuwa imeota vichwa kila upande, vingine virefu mpaka begani.

"Hii chai ni ya nani?" mama akauliza.

Katika Jumapili zote zile hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nikaichukua nyumba.

Alikuja na begi moja limefungwa kwa kamba. Akaliweka kando ya mlango, na hapo likabaki. Nilimnunulia kabati. Akalipangusa vumbi, akalifunga. Asubuhi anafungua begi, anatoa nguo moja, anafunga kamba tena. Majirani wakimsalimia, anawaambia, "Nimekuja kutembea tu kwa mtoto. Nitaenda."

Na mimi nikawa mtu wa safari. Nilikuwa natoka mapambazuko, ukungu umeshika njia, siioni hata miguu yangu. Nilikuwa nalala nusu, naamka nusu. Chai inapita dirishani kijani, inapotea, inarudi, na harufu ya kiwanda inaingia garini, ile harufu ya majani yanayokauka, tamu kidogo, na kwa dakika nzima mimi ni mtoto kambini tena, mlango unafunguka, epron inanipiga usoni. Halafu nashtuka, tuko Kericho, na mtu anataka dawa ya kikohozi. Jioni hivyo hivyo. Kila jioni, nikikaribia nyumbani, nilikuwa naangalia kwanza mlangoni kama begi lipo. Sikumwambia mtu. Nikiliona, nashusha pumzi, halafu nalichukia, kwa sababu bado limefungwa.

Mama alikuwa anashinda dirishani. Nilidhani anaomboleza kazi yake.

"Mama, nifunge pazia?"

"Acha."

"Unaangalia nini?"

"Ile chai inanisumbua macho."

Mwenye chai tulimwona mara chache. Alikuwa mama mrefu, Mkipsigis, wa rika la mama yangu, anavaa gumbuti na kofia ya sufu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta. Alianguka na kuvunjika, watoto wako mbali, na vijana aliowaajiri kumchunia walienda zao. Tulisalimiana naye kwenye fensi, "Chamgei," "Chamgei mising," basi. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hapendi kuulizwa.

Jumamosi moja sikuwa na kazi, nikalala mpaka kukakucha vizuri. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya. Kitanda cha mama kimetandikwa. Nikakimbia mlangoni. Begi lilikuwepo, ila kamba ilikuwa imefunguliwa, imelala sakafuni. Kabla sijaelewa, nikasikia kelele nyuma.

"Mwizi! Mwizi wa majani!"

Nilitoka na shuka begani. Ukungu ulikuwa mzito, na katikati ya chai, kiunoni ndani ya chai ya mtu, alikuwa mama yangu. Amefunga kitambaa kichwani na epron ya manjano kiunoni. Kapu liko mgongoni. Mikono yake yote miwili ilikuwa inafanya kazi, majani mawili na ncha, majani mawili na ncha, inatupa nyuma bila yeye kuangalia. Sikuwa nimeiona mikono ile ikifanya hivyo tangu kampuni imtoe. Ilikuwa mizuri mno. Nilisimama kama mjinga nikaitazama, na huku mama yangu anaitwa mwizi.

Halafu akili ikarudi, na hofu nayo. Kwenye nchi ya chai, kuiba majani si mchezo. Na sisi ni wageni pale, watu wa kutoka ng'ambo, hata lugha yao tunajua salamu tu. Mama jirani alikuwa amesimama kwenye fensi, plasta kifuani, anapiga kelele, na watu walishaanza kutoka barabarani: vijana wawili wa maziwa na mzee mmoja wa kokwet, yule anayesikiza kesi za mtaa.

"Mama!" nikaita. "Toka huko! Wanakuita mwizi!"

"Nimesikia," akasema. "Ngoja nimalize mstari."

Woi! Nilitaka ardhi inimeze. Tukasimama wote kwenye fensi, tukamngoja. Akafika mwisho wa mstari, akageuka, akaja kwetu polepole na magoti yake, na nyuma yake mstari mzima ulikuwa umelala sawa.

"Nani amekutuma kwa shamba ya mtu?" mzee akauliza.

"Sijatumwa."

"Na majani unapeleka wapi?"

Mama akamwangalia kama ameuliza maji huenda wapi. Akanyoosha mdomo kuelekea nyumba ya jirani. Pale mlangoni kwa yule mama mrefu, chini ya paa mvua isiyafikie, kulikuwa na gunia limejaa majani, mdomo wazi ili yapate hewa yasiungue. Alikuwa ameanza kabla ya jua. Mwenye shamba alitokea mlango wa nyuma, hakuliona.

"Ni yako," mama akamwambia. "Yangekuwa ya nani?"

"Sasa kwa nini?" jirani akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Inanisumbua macho. Nalala, naiona. Nakula, naiona. Chai nzuri namna hii! Mimi sijawahi kukaa karibu na chai bila kuigusa. Niambie niende, nitaenda, hata leo. Lakini hii chai siwezi kuiangalia ikiwa hivi."

Nitaenda, hata leo. Begi limefunguliwa, kazi ni kulifunga tu. Nilimwangalia yule mama mrefu, na nikamwomba kwa macho. Alikuwa anaangalia ule mstari. Aliuangalia muda mrefu.

"Umevunja fensi yangu," akasema.

"Nitaifunga."

"Wacha. Utapitia kwa lango kama watu."

Hivyo tu. Mzee akakohoa, akasema gari la majani halitangoja mtu, na vijana wakabeba gunia na kapu kupeleka kituo cha kupimia majani. Jirani akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye mkaa, akamimina kwa mkono wa kushoto, akampa mama. Mama yangu na mursik! Miaka yote kambini alikuwa akiisikia harufu yake anageuza uso. Siku hiyo alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo.

"Kongoi," akasema, akamshukuru kwa lugha yake.

Mvua ya mchana ilikuja kama kawaida yake. Mama aliingia ndani ikiwa imemfikia, epron inadondosha maji sakafuni. Akasimama katikati ya nyumba, ameishika mbele yake, anaangalia mlango, anaangalia kuta za landilodi zilizopakwa rangi juzi.

"Hapa hakuna msumari?" akauliza.

Nilitoka nje kwenye mvua, nikang'oa msumari mmoja kwenye fensi iliyovunjika, nikaokota jiwe, nikarudi, nikaupigilia ukutani.