Besi Iliyokataa Kunienea

Asubuhi ya sikukuu ya mavuno, kanisani kwetu Kiseke, besi yangu iligoma kunienea. Niliipitisha kichwani kama siku zote, nikaiegemeza bega la kushoto, bomba lake likashuka kunizunguka kiunoni, likafika tumboni likakwama. Nikabana pumzi. Ikakaa, lakini imepinda, na kipulizio kikawa mbali na midomo yangu. "Ingia, we shetani," niliiambia, tena ndani ya chumba cha kwaya, Mungu anisamehe.

Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, la kuvaa mwilini, lenye mdomo mpana unaochungulia juu ya kichwa cha mpigaji. Waliosomea muziki huliita susafoni. Yangu ni ya zamani na ni ndogo. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Nansio aliyeipiga tangu ujana wake mpaka meno yalipomwisha. Rangi ya fedha imebambuka, shaba inaonekana, na karibu na pistoni ya pili pamebonyea mahali ambapo fundi yeyote akipagusa nitamng'ata. Bendi yetu ina besi nyingine, mpya, ya plastiki, nyepesi, sauti yake kama mtu anagonga ndoo. Yangu ukiipuliza, sauti unaisikia kuanzia kwenye nyayo. Na mimi ni mfupi, Msukuma wa Usagara niliyekulia nyuma ya ng'ombe; besi kubwa zilikuwa zinanimeza. Hii ilinikaa siku ya kwanza kama nguo niliyopimwa. Wanaume wa bendi wakijaribu kuivaa inawabana mabega, na mimi nafurahi, nasema wazi.

Sasa ilinibana mimi, na nilijua kwa nini. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliyejua ni mume wangu na nesi wa kliniki, basi.

Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo. Ya kwanza ikiwa na miezi mitatu, ya pili minne. Ile ya pili ilitoka siku mbili baada ya harusi tuliyopiga kutwa nzima tukiwa nyuma ya pikapu. Mama mkwe wangu alipanda basi kutoka Bukoba kuja kunipa pole. Aliniogesha, akanipikia uji, akanikanda mgongo. Halafu siku ya kuondoka akasimama mbele ya besi pale ukutani ilipotundikwa, akasema bila kunitazama, "Mwanamke anasukuma pumzi yote nje, sasa mtoto ashikilie nini?"

Nilimchukia mwaka mzima kwa neno lile, kwa sababu nilikuwa nimeshaliwaza mwenyewe.

Nesi alinieleza vizuri tu. "Kupuliza hakutoi mimba, mama. Ukisikia maumivu au ukiona damu, njoo haraka. Vinginevyo endelea na maisha yako." Nilimwamini nikiwa palepale kwenye benchi la kliniki. Nikifika nyumbani, kila baada ya saa moja niko chooni naangalia kama kuna damu.

Wiki moja kabla ya mavuno mama mkwe akaja tena, safari hii na mkungu wa ndizi na jicho lake lile la kupekua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Chapati hizo, mama."

Akaguna. Wiki nzima nilivaa madera mapana, nikapita mbele yake na beseni la nguo tumboni kama ngao. Mume wangu akanivuta jikoni. "Mwambie tu."

"Nikimwambia ataondoka na besi yangu. Na ikitokea tena, itakuwa alisema kweli."

"Na ukipiga, halafu ikatokea?"

Nilimtupia kitambaa cha vyombo usoni.

Utaniuliza, kwani ningeiacha miezi michache ningekufa? Sikiliza. Wakati wa ile mimba ya kwanza niliiacha besi. Tangu siku niliyopima sikuigusa, hata kuifuta vumbi nilimwachia mume wangu, na mimba ikatoka vilevile. Hilo mama mkwe hakulijua, wala sikuwahi kumwambia. Kuacha hakukunisaidia, kupiga hakukunisaidia. Nilichobaki nacho ni kwamba kutwa nzima nilikuwa naogopa, naogopa nikipika, naogopa nikicheka, isipokuwa nikiwa nimo ndani ya besi napuliza. Hapo tu ndipo woga uliniacha.

Basi asubuhi ile ya mavuno nikalegeza kanga niliyofunga ndani, nikaisogeza besi mbele kidogo, nikatoka nayo hivyohivyo imepinda. Kiongozi wa bendi akanitazama. "Dada, leo besi imekaaje?"

"Wewe piga tarumbeta lako."

Mama mkwe alikuwa benchi la pili upande wa akina mama, amepakata jogoo wa kupeleka mnadani baada ya ibada. Hakuwa anamtazama mchungaji. Alikuwa ananitazama mimi, kiunoni.

Tukaanza wimbo wa mavuno. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, jasho likanichuruzika. Ubeti wa tatu unaishia kwa sauti moja ya chini, ndefu, ya besi peke yake, na watu huisubiri. Nikavuta pumzi, nikaishusha. Katikati yake kitu kikanishtua tumboni, chini, upande wa kulia.

Nikaacha kupiga.

Matarumbeta yakayumba, yakanyamaza moja moja. Nikasimama nimeganda, nimeshika bomba kwa mikono miwili. Moyoni nasema tayari, imetoka tena, tena mbele ya watu wote hawa. Nilisikia jogoo akipiga kelele, kumbe mama mkwe amemwachia, anakuja. Alipita kati ya mikungu na viroba vya mahindi mpaka akanifikia.

"Damu?" akaninong'oneza.

Kumbe alijua. Wiki nzima alijua.

Kisha kikanigusa tena, kidogo sana, palepale. Hayakuwa maumivu.

"Hapana, mama," nikasema. "Nadhani… amecheza."

Akapenyeza mkono kati ya bomba la besi na tumbo langu, akaubandika. Akasubiri. Mimi nikasubiri.

"Sisikii kitu," akasema, akakisogeza kiganja chini kidogo.

"Amecheza, mama, haki ya Mungu."

"Ulikuwa unafanya nini alipocheza?"

"Nilikuwa napiga ile sauti ya chini."

Akainua macho akaitazama besi, kuanzia pale ilipobonyea mpaka mdomoni kule juu. Mkono hakuutoa.

"Basi piga."

"Mama…"

"Piga, mwanangu. Nimsikie na mimi."

Nikaweka midomo. Sauti ikatoka mbaya, imekwaruza, halafu ikatulia. Chini ya kiganja chake mtoto akarusha teke. Mama mkwe wangu akapiga magoti palepale mbele ya kanisa zima, machozi yanamtoka, mkono bado umenibana tumboni, na nilipotaka kushusha besi ili nimwinue akatikisa kichwa.

"Usiache," akasema. "Usiache, usiache."