Sambusa za Jibini Mwezi wa Ramadhani

Wakati huo nilikuwa napika kwenye mgahawa wa piza Mikocheni. Ramadhani ilipoingia bosi wangu akanipa kipande kikubwa cha jibini, nikarudi nacho nyumbani kwetu Temeke.

Siku hiyo mjomba na mkewe walikuwa wanakuja kufuturu, na mama alishawaahidi sambusa. Alasiri tukaona nyama ya kusaga haitoshi hata nusu ya manda. Nikakwangua jibini kwenye kikwangulio cha karoti, ikaanguka sahanini nyuzi nyuzi. Mama akaiangalia kwa mashaka.

"Hiyo mie siijui. Ikiyeyukia kwenye mafuta?"

"Tutaziba vizuri na uji wa ngano."

Tukaichanganya na viazi vilivyopondwa, vitunguu, pilipili na chumvi kama kawaida. Ya kwanza ikapasuka, jibini ikatapakaa kwenye karai. Zilizofuata nikazibana kona kwa nguvu, zikatoka kavu, za dhahabu. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa jibini yenyewe ina chumvi, na nyumba nzima tumefunga. Mama akaenda ukutani kumwita jirani yetu, mama mmoja Mkatoliki kutoka Masasi, shoga yake wa miaka mingi.

Jirani akaja akijifuta mikono kwenye khanga, akang'ata. Uzi wa jibini ukavutika kutoka mdomoni hadi mkononi, naye akaufuata kwa ulimi hadi ukaisha.

"Chumvi vipi?" mama akauliza.

"Subiri, sijapata uhakika." Akachukua ya pili. Akatafuna taratibu, macho juu. Akanyoosha mkono kuchukua ya tatu.

"Shoga, utatumalizia futari."

"Imezidi kidogo," akasema hatimaye. "Ongezeni viazi. Halafu na mie nakuja kufuturu."

Mama akacheka mpaka akakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Tukaongeza viazi, tukakaanga zilizobaki.

Adhana ilipolia, jirani alikuwa ameshakaa mkekani pamoja nasi. Mjomba akanywa uji, akala tende, akachukua sambusa moja. Akachukua nyingine.

"Dada, hii nyama gani?"

"Kula kwanza," mama akamjibu, na jirani akainamia bakuli lake la uji kuficha kicheko.

Mjomba aliondoka na mbili alizofunga kwenye tishu, akazitia mfukoni mwa kanzu nyeupe, mkewe akilalamikia mafuta mpaka getini.