Mrija wa Mgeni

Harufu ya kimea cha mtama ndiyo iliyonishika mguu wiki iliyopita, nilipokuwa napanda kutoka kituo cha mabasi kwenda Mbugangari. Mwanamke mmoja alikuwa anageuza mtama kwenye mkeka mbele ya mlango wake, kuku wakimvizia. Papo hapo nikawa na miaka minane, nimeshika kijiti, kazi yangu ni kuwafukuza kuku hao hao. Nilitaka kulia njiani mchana kweupe. Nilikuwa nakwenda kumwona Koko, na Koko sasa yuko mahabusu.

Habari yenyewe, rafiki yangu, huenda umeshaisikia redioni: bibi kizee wa Gisenyi aliyekuwa akiwaua wageni waliopanga kwake. Sina la kuongeza juu ya hayo ya redio. Lakini redio haikusema kwamba bibi huyo alinilea, na kwamba hakuna uji niliowahi kunywa popote duniani ukaufikia uji wake.

Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alipata kazi ya kupakia magari mpakani, mama akauza sokoni dagaa waitwao sambaza, na mimi nikabaki mikononi mwa jirani. Mara ya kwanza mama alipomsalimu, "Shikamoo, Bibi," mtaa mzima ulicheka, maana kwa Kiswahili cha Gisenyi bibi ni mke wa mtu. Mwenyewe alicheka mpaka akashika ua asianguke. Akasema tumwite Koko, kama watu wa huku wanavyowaita wazee wao. Basi akawa Koko wangu.

Ua wake ulikuwa wa mawe meusi ya volkano, na nyuma yake kulikuwa na mparachichi mmoja uliotuangushia matunda kichwani bila adabu. Hapo ndipo alipopikia pombe ya mtama. Upepo ukivuma kutoka ziwani ulileta harufu ya kimea cha kiwanda cha bia, naye Koko alikunja pua na kusema ile ni pombe ya mashine, haina mama. Jioni, wingu likiinuka, mlima wa moto ulionyesha wekundu wake kule ng'ambo ya mpaka, na sisi watoto tulikaa kwenye mawe yaliyobaki na joto la jua tukisubiri uji. Kila kikombe alikionja yeye kwanza, mbele ya macho yetu, kisha ndipo akatupa. Mtu hapewi kinywaji kabla mwenye nyumba hajakionja. Hiyo ni desturi ya huku, ili mgeni anywe kwa moyo mweupe. "Munione vizuri," alikuwa akisema, "mi naonja." Tulimwona vizuri. Midomo yake iliacha alama ya unyevu kwenye ukingo wa kikombe, na mimi nilipenda kunywea hapo hapo.

Nyuma ya nyumba alikuwa na vyumba vya wageni. Walikuja wafanyabiashara wa vitenge kutoka Goma, wauza viazi waliotoka Cyanzarwe, watu waliokuta mpaka umefungwa. Baba kila alipopita kwenye lango lile alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na Koko alimjibu kwa kicheko. Jioni aliwawekea kibuyu cha pombe na mirija. Kuosha mirija ilikuwa kazi yangu. Niliipulizia maji kwenye bomba hadi itoe filimbi, kisha nikaiweka kwenye kopo. Lakini mmoja sikuwahi kuuosha. Huo ulikuwa na uzi mwekundu shingoni, ulikaa juu ya mlango wake, na ulikuwa mrija wa mgeni. Koko alionja kibuyu kwa mrija wake mwenyewe, akatingisha kichwa kwamba imeiva, kisha akamkabidhi mgeni ule wa uzi kwa mikono miwili. Sijui kama umewahi kukitamani kitu cha wakubwa mpaka ukakiota. Mimi niliuota mrija ule.

Baadhi ya wageni waliugua tumbo wakafa. Sio wengi kwa mpigo, na siyo wale waliokuwa na ndugu mjini. Watu walisema ni maji ya safarini, ni kipindupindu, ni mambo ya huko walikotoka. Koko aliwalilia kama wa kwake. Alimwita fundi cherehani wa jirani, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa amerithi cherehani ya babake, akamwambia ashone sanda pana, asibane kitambaa. Kisha tulizika, na baada ya kuzika watu walirudi uani kunawa mikono, wakapewa pombe, kisamvu tunachokiita isombe, na ugali wa muhogo. Katekista alimsifu mbele ya watu kwa kuwazika wasio na wenyewe. Nisikufiche, niliyapenda mazishi yale. Kulikuwa na chakula kingi na Koko alinikalisha karibu yake.

Mgeni ninayemkumbuka kuliko wote alikuja kutoka Goma msimu wa mvua. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno linalocheka kabla yake. Alitoa begini sweta ya bluu, akaniita nisimame wima na kumpa mgongo, akaipima mabegani mwangu. "Niko na mutoto mwanamuke kama huyu," alimwambia Koko. "Kama inamutosha huyu, na yule itamutosha." Akairudisha begini akiwa ameikunja vizuri kuliko mama yangu anavyokunja.

Akaenda kuoga. Kibuyu kilikuwa tayari kwenye kigoda, mrija wa uzi mwekundu umeshasimamishwa ndani, na Koko alikuwa amegeuka kuchochea moto. Niliinama. Sikumbuki hata kama midomo ilifika. Nilichokumbuka miaka yote ni kofi, na ladha ya damu, na Koko akinishika shingo na kunisukutua mdomo kwa maji mpaka nikakohoa. Kisha akauvunja mrija ule mzuri vipande vipande na kuutupa motoni. Mimi nilidhani ni kwa hasira, kwamba mtoto mchafu amegusa cha mgeni. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile na hakunipiga tena. Mama alipoona mdomo uliovimba alinuna, akauliza tangu lini pombe ikawa na thamani kuliko mtoto wa mtu.

Siku ya pili kulikuwa na mrija mpya juu ya mlango, una uzi mwekundu. Kabla ya juma kwisha tulikuwa tunanawa mikono uani, fundi ameshona sanda, na kila mtu anasema mvua hii imeleta maradhi. Jioni ile Koko alinivuta nyuma ya nyumba. Alinivalisha sweta ya bluu, akafunga vifungo kimoja kimoja, akanipangusa uso kwa kanga yake. Alikuwa ananiomba radhi kwa lile kofi, bila kulitaja. Ilinikaa kama nimepimwa. Niliivaa shuleni, niliivaa kanisani, nililala nayo. Tulipohamia Kigali niliing'ang'ania hata mikono ilipokuwa imeishia kwenye viwiko, hadi mama akampa binamu yangu kwa nguvu.

Fundi cherehani ndiye aliyenipigia simu, na ndiye niliyemkuta kibarazani wiki iliyopita, mzee sasa, cherehani imefunikwa kitambaa. Alinieleza jinsi ilivyokuwa. Kijana mmoja aliyekulia Tanzania, kama wazazi wangu, alipanga kwa Koko. Alipewa kibuyu, akaona bibi ameonja kwa mrija wake, lakini kwao mkubwa ndiye anayeanza kila kitu. Kwa heshima zake zote akaurudisha mrija wa mgeni kwa mikono miwili, akamwomba bibi aanze na huo pia. Koko akakataa. Kijana akadhani ni unyenyekevu, akasisitiza, akapiga magoti kabisa. Koko akauangalia ule mrija, akataka kuuvunja. Kijana akauwahi, akaupeleka polisi, wakakuta sumu ndani yake. Polisi walipokuja walikuta darini mabegi, kofia, viatu vya wanaume. Walipomwuliza hakubisha.

"Sanda zote nilishona mi," fundi aliniambia. "Zote. Na alikuwa ananishukuru." Kisha akawa anaupapasa mguu wa cherehani kama mtu anayemtuliza mnyama.

Nilipika uji wa mtama jikoni kwa mkewe, nikaupeleka kituo cha polisi. Askari aliupokea, akanirudishia, akaniambia nionje kwanza. Nikaonja mbele yake na mbele ya Koko, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kichwa chote cheupe. Alicheka kidogo.

"Sasa na polisi banajua desturi," alisema.

Alikunywa akinywea pale midomo yangu ilipogusa. Nilikuwa nimejiandaa na maswali mengi, kwa nini, na wangapi, na vipi aliweza kuwalilia. Nililoweza kuuliza ni moja tu, la kofi. Alinitazama kwa macho yale yale yaliyokuwa yakinihesabia vifungo.

"We ulikuwa mutoto yangu," alisema. "Bale balikuwa bageni."

Aliinua mkono apanguse uso wangu, nami, Mungu anisamehe, sikurudi nyuma.

Lango limefungwa kwa kamba ya polisi, mparachichi umekatwa, na vibuyu vyote vimebebwa kama ushahidi. Watoto wa Mbugangari siku hizi wanapewa soda, na chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji. Nimewasikia watu wakisema nyumba ibomolewe, na wana haki. Mimi nimekuwa nikitembea nayo kichwani tangu utoto, na ndiyo nyumba niliyokuwa nikiirudia kila Kigali iliponielemea. Sijui sasa nirudi wapi.

Kabla ya kupanda basi nilishuka hadi karibu na mpaka. Akina mama walikuwa wanavuka na vikapu, wengine wa umri wangu, na kila uso niliutazama kuliko adabu inavyoruhusu. Mmoja wao, au mwingine huko Goma nisiyemjua, alikaa mlangoni msimu wote wa mvua akimngoja baba mwenye pengo la meno. Hajui kwamba kulikuwa na sweta. Mimi najua ilikuwa ya bluu, ina vifungo vya mbao, na ilikuwa na joto jingi. Najua pia ingemtosha.