Wasifu wa Mwanamke Asiyeimba

Katika kanisa letu la Kiswahili hapa mjini Richardson, ughaibuni, mtu akifariki, mchungaji akishapata habari hunipigia mimi. Mimi ni nesi, lakini shuleni Kenya nilisifiwa kwa insha, basi kuandika wasifu wa marehemu kukawa kazi yangu. Na niseme ukweli: kwenye kompyuta nilikuwa na wasifu mmoja tu. Nilibadilisha jina, tarehe na idadi ya wajukuu. Yaliyobaki, mcha Mungu, mpenda watu, mwimbaji hodari wa kwaya, niliyaacha yalivyo. Watu walilia, wakanishukuru, nami nikaridhika.

Mwaka jana alifariki mama mmoja wa rika langu, aliyekuwa akitunza wazee majumbani katika mji jirani wa Plano. Nilimjua kwa miaka kumi, kujuana kwa kusalimiana mlangoni na kupakuliana pilau. Tulimuaga Jumamosi. Mwili ulikuwa usafirishwe Alhamisi kwenda kuzikwa Kenya, na wasifu uleule usomwe kaburini mbele ya mama yake mzazi. Jumamosi hiyo niliusoma kwa sauti yangu ya msiba. Baadaye binti yake alinifuata nikipanga viti.

"Auntie, Mum hakuwa anaimba," akaniambia. "Hata kanisani alikuwa ana-move tu lips. Who was that lady?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba anipe nafasi niandike upya kabla ya Alhamisi, akakubali bila kunitazama.

Kesho yake mchana nilikwenda kwao, mtaa wa Vickery Meadow, na daftari tupu. Nikakosea tena palepale: nilianza kumsimulia binti jinsi mama yake alivyokuwa. Nikajishtukia, nikafunga mdomo. Nina miaka hamsini na tisa, na kila siku kazini nawauliza wagonjwa wanaumwa wapi. Lakini kuuliza mtu alifurahia nini, kisha nikatulia nisikie, nilianza kujifunza siku ile kwenye kochi la marehemu.

Mama yake, kumbe, alikuwa anajifunza kuogelea. Kila Jumanne, kwenye bwawa la jiji, pamoja na wanawake wenye umri wa binti yake. Alianza akiogopa hata kulowesha uso. Mwezi mmoja kabla ya kiharusi kilichomuua alivuka bwawa kutoka upande huu hadi ule, akampigia binti simu akiwa bado anahema. Niliandika haraka, na zikaja sentensi ambazo sikuwahi kuziandika kwa mtu mwingine yeyote. Nilifurahi, kisha nikaona vibaya kufurahi katika nyumba ya msiba.

"Mbona hakutuambia kanisani?" nikauliza.

"Aliambia mtu mmoja, akamwomba waende pamoja. Huyo mtu akasema atakuja next Tuesday. So kila Tuesday Mum alikuwa ana-pack taulo mbili."

Nilijua ni nani kabla hajamaliza. Nilimjibu marehemu hivyo pale mlangoni mwa kanisa, nikicheka, kwa sababu niliona mwanamke wa umri wetu ndani ya nguo ya kuogelea ni kituko. Hakuniuliza tena, nami nikasahau.

Nikaandika: Alibeba taulo mbili. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia binti kwamba ile ya pili ilikuwa yangu.